Bingo ya Usalama

Nereida alipofika kwenye sinki la kuoshea trei, alimkuta mumewe ameinamishwa kichwa na wanaume watatu wakimmwagia siki jichoni.

Siki, si maji. Mmoja alikuwa amemshika kisogo, wa pili amembana mikono, wa tatu ameinua dumu la plastiki na kumimina kama anayeosha kuku wa kuchinjwa. Ysidro alikuwa anatupa mateke na kutoa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia tangu waoane, sauti nyembamba, ya mnyama aliyebanwa mlangoni.

"Mnamfanya nini?"

"Siki inaua kostiki," alisema mwenye dumu bila kugeuka. "Tulia, dada. Tunaijua kazi yetu."

Katika kiwanda kile hilo lilikuwa jambo lisilo na mjadala. Kostiki ikimwagika sakafuni, inamwagiwa siki, inapoa, inapigwa deki. Basi ikimwagika kwa mtu, mtu naye ni sakafu.

Walioka pretseli, zile biskuti ngumu zilizosokotwa kama fundo la kamba ambazo watu wa Pennsylvania huzitafuna popote walipo, kuanzia baa hadi matangani. Kabla ya kuingia kwenye tanuri, biskuti mbichi hupitishwa kwenye tanki la maji ya moto yaliyochanganywa kostiki, ileile ya kupikia sabuni na kuzibulia mabomba. Ndiyo inayozipa ngozi ya kahawia inayong'aa. Ysidro Peralta ndiye aliyelihudumia tanki hilo. Asubuhi hiyo mkanda ulikuwa umechelewa, msimamizi anapiga makofi, twende, twende, na Ysidro akamimina mfuko mzima wa chenga za kostiki kwa mkupuo mmoja kwenye maji yaliyokaribia kuchemka. Maji yakaruka. Yakamvaa jicho la kushoto, shavu na shingo.

Miwani ya kukinga macho ilikuwepo. Ilikuwa jozi moja kwa zamu zote, na ilifungiwa kwenye droo ya msimamizi ili isiibwe.

Bomba la dharura lilikuwepo pia, lile ambalo ukivuta mnyororo maji hukushukia mwili mzima kama mtu amepasua pipa. Ysidro alilikimbilia macho yakiwa yamefumba, akienda kwa kumbukumbu ya miguu, na akajigonga kwenye boksi. Chini ya bomba ilikuwa imesimamishwa televisheni, juu ya paleti, imefungwa utepe mwekundu, kubwa kuliko mlango. Iliwekwa hapo kwa sababu hapo ndipo kila mtu angeiona akienda kula. Ilikuwa zawadi ya bingo ya usalama.

Wenzake walikuja mbio wakaanza kuihamisha. Waliihamisha kwa uangalifu. Mmoja alishika huku, mwingine kule, mtu akasema msiilaze, kioo kitapasuka, mwingine akauliza sasa tunaipeleka wapi, na Ysidro alikuwa amepiga magoti katikati yao akijiparura uso. Mkono wa mmoja ulipougusa mnyororo, msimamizi akapaza sauti kutoka mlangoni.

"Usivute, utailowesha. Mpelekeni kwenye sinki."

Msimamizi huyo aliitwa Wilkin Almonte. Ndiye aliyemshika Yaritza, mtoto pekee wa Ysidro na Nereida, siku alipobatizwa. Kwa watu wa Santo Domingo, kwao walikotoka wote watatu, hilo si jambo la keki na picha tu. Mzazi na baba wa ubatizo huitana kompadre, na mama akaitwa komadre, hadi kaburini, na ombi la kompadre halikataliwi.

*

Wilkin hakuita gari la wagonjwa. Gari la wagonjwa likiingia uani linaonekana ofisini. Alileta gari lake mwenyewe, akatandika mifuko ya nailoni kwenye kiti cha nyuma, akailainisha kwa viganja mpaka pembeni, ndipo akasema, "Haya, mwingizeni."

Nereida alikaa nyuma na kichwa cha mumewe mapajani. Alikuwa amekandamiza kitambaa kwenye lile jicho. Gari zima lilinuka achari.

"Kompadre," Wilkin aliita akitazama kwenye kioo. "Unaniona?"

"Naona ukungu."

"Ukungu ni kitu kizuri. Ukungu huondoka."

Walipita daraja. Wilkin akakohoa kidogo, kama mtu anayeanza hotuba.

"Komadre, tukifika, nitaongea mimi. Kiingereza chako kinaishia gudi moning. Tutasema alikuwa anazibua sinki nyumbani."

"Kwa nini nyumbani?"

"Kwa sababu nyumbani hakuna bingo."

Kila mfanyakazi wa kiwanda kile alikuwa na kadi ya namba, na wa kwanza kukamilisha mstari ndiye mshindi. Kila asubuhi kabla ya zamu, kwenye chumba cha kulia, Wilkin alitumbukiza mkono kwenye kikapu na kutoa kipira chenye namba. Sharti lilikuwa moja: asiwepo mtu aliyeripoti kuumia. Akiripoti mmoja, kadi zote zinachanwa, zawadi inarudishwa dukani, na bingo inaanza upya na seti ya vikombe. Zawadi hii ilianza na vikombe hivyohivyo, ikapanda ikawa jiko la kuchomea nyama, sasa imekuwa televisheni. Karibu miezi sita hakuna aliyeumia. Maana yake, karibu miezi sita watu walichubuka mikono mpaka nyama nyekundu, wakajifunga kwa utepe wa kufungia maboksi, wakavuta mkono wa shati na kunyamaza. Mwanamke mmoja wa tanuri alivunjika kidole akasema amebanwa na mlango wa kanisa.

Kadi ya Nereida ilikuwa imebakiza namba moja. N thelathini na nane.

Huku ameshika kitambaa kwenye jicho la mume wake, ile namba ilimpita akilini. Ilipita kama nzi anavyopita juu ya sahani. Lakini ilipita.

"Unanyamaza, nimeelewa," alisema Wilkin. "Wewe ni mwanamke mwenye akili."

*

Hospitali walimlaza Ysidro chali, wakamning'inizia mfuko wa maji, wakayaacha maji yapite jichoni mfululizo. Muuguzi aliinama kumpangusa shingo, akanusa, akanusa tena, akauliza kitu. Wilkin akajibu kwa kicheko kifupi. Muuguzi hakucheka.

Daktari, mwanamke kijana mwenye nywele zilizofungwa kwa kalamu, alitaka kuiona hiyo dawa ya kuzibua sinki. Wilkin akasema imebaki nyumbani, ataifuata. Hakwenda nyumbani. Alivuka barabara akaingia dukani, akarudi na chupa mpya ya dawa hiyo chini ya koti, akajifungia chooni. Nereida alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, pembeni tu ya mlango ule, na aliisikia dawa ile ikimiminwa, glu, glu, glu, kisha choo kikavutwa.

Wilkin alitoka akiipangusa chupa kwa karatasi. Ilikuwa imefika nusu.

"Lazima ionekane imetumika," alimwambia, kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu.

Yaritza alifika kutoka shuleni begi likiwa bado mgongoni. Alikuwa msichana wa mwaka wa mwisho, mrefu kuliko baba yake, na uso usiojua kuficha kitu. Alisimama miguuni mwa kitanda wakati daktari anaongea. Daktari aliongea kirefu. Alionyesha jicho, alionyesha karatasi, aliuliza, Wilkin akajibu, akauliza tena, Wilkin akajibu tena bila kugeuka kumtazama mgonjwa. Kisha Wilkin akamtafsiria Nereida.

"Anasema apumzike. Matone, mara nne kwa siku. Jicho ni kiungo chenye nguvu."

"Hakusema hivyo," alisema Yaritza.

"Mwanangu, maneno ya madaktari..."

"Amesema kioo cha jicho kimeungua kimekuwa cheupe. Amesema kinatakiwa kupasuliwa Filadelfia wiki hii, wiki ikipita jicho limekwenda. Ameuliza mara mbili kama ni ajali ya kazini. Ya kazini inalipwa yote na bima ya kiwanda. Ya nyumbani tunajilipia. Na wewe umemwambia mara mbili ni nyumbani."

"Umeelewa nusunusu."

"Nimezaliwa hapa, Baba Wilkin. Nimeelewa mpaka ulipokosea kutamka."

Daktari alikuwa akiwatazama kwa zamu, kalamu ikimtoka kidogo nyweleni. Yaritza akamgeukia mama yake.

"Mama, ulikuwa unajua?"

Nereida alitazama viatu vyake. Vilikuwa vimejaa unga wa kiwandani, na kimoja kilikuwa na doa jeupe mahali kostiki ya Ysidro ilipodondokea.

Sauti ilitoka kitandani, nzito. "Yari, nyamaza. Huyo ni baba yako wa ubatizo. Ndiye aliyeniombea kazi."

"Aliyekuombea kazi gani, Papi? Hii?"

"Nimesema nyamaza."

Msichana alimwambia daktari maneno machache kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, naye daktari akampa kikaratasi chenye namba ya simu, bila kumtazama Wilkin.

Wilkin alimshika Nereida kiwiko, akampeleka kwenye mashine ya soda. Alimnunulia moja bila kumuuliza anataka ipi.

"Sikiliza. Reifsnyder mwenyewe ameniambia." Reifsnyder alikuwa mwenye kiwanda. "Tukitimiza miezi sita bila ajali, mimi nakuwa meneja wa zamu zote. Mtu wetu, komadre. Nikikaa kwenye kile kiti, nani atakula? Watu wetu. Unataka kuja kuua kitu kama hicho kwa wiki moja iliyobaki?"

"Na jicho?"

"Tutachanga. Nitapitisha kofia mwenyewe. Na kesho..." Akasogea. Alinukia marashi, na Nereida alijisikia mwenyewe akinuka siki. "Kesho nikitumbukiza mkono kwenye kikapu, mkono wangu unajua pa kwenda. Unaitaka namba gani? Najua unaitaka namba gani. Uza ile televisheni, lipa hospitali."

"Televisheni inalipa jicho?"

"Inaanzia."

"Nitafikiria," alisema Nereida.

Wilkin alimbusu kwenye paji la uso, akaondoka huku anapiga mluzi. Chupa aliiacha kwenye meza ya kitanda.

*

Nyumbani simu ilianza kuita kabla hawajavua makoti. Wa kwanza alikuwa Doña Tatica, mama mwenye umri aliyefungasha biskuti bega kwa bega na Nereida.

"Pole, mwanangu. Nimemwashia mshumaa Bikira. Anaonaje?"

"Haoni."

"Ataona. Ngozi ya mtu mweusi inapona haraka." Akapumua. "Na hiyo bingo ya kesho, ipo au haipo? Siulizi kwa ajili yangu. Wasichana wananipigia, sijui niwajibu nini."

Mwingine alipiga akasema ameota Ysidro amepona. Mwingine akasema mume wake aliwahi kuingiwa na saruji jichoni na leo anaendesha lori. Wote waliuliza mwishoni, kila mmoja kwa njia yake, kama watu wanaopapasa mfuko wa marehemu. Wa mwisho hakuuliza hata habari ya mgonjwa. Alisema tu, "Nereida, mimi nimebakiza mbili," akakata.

Yaritza aliponda ndizi, akakaanga vitunguu juu yake na vipande vya salami, akaweka sahani tatu. Hakuna aliyekula. Ysidro alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha na kinga ya plastiki kwenye jicho, mikono mapajani, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

"Nisikilize," alimwambia mkewe. "Usiniaibishe kwa kompadre. Nitazoea. Wapo watu wana jicho moja na wanafanya kazi."

"Kazi ipi?"

"Yoyote. Tanki halihitaji macho mawili."

Nereida akaivuta stuli akakaa mbele yake, magoti yakigusana. Akaivua ile kinga taratibu. Jicho lilikuwa kama yai lililochemshwa. Akaliziba lile zima kwa kiganja chake cha kulia.

"Unaona nini?"

Ysidro akatafuta. Kope zisizo na nywele zilipepesa. Alitaka sana kujibu sawa, ilionekana kwenye mdomo wake.

"Mkono wako," alisema. "Unanipungia mkono."

Mkono wa kushoto wa Nereida ulikuwa umelala kwenye paja lake. Haukuwa umetikisika.

Alimrudishia kinga, akaibana vizuri pembeni, akanyanyuka akaenda jikoni. Yaritza alikuwa anaosha sufuria kwa hasira, maji yanaruka mpaka ukutani.

"Kile kikaratasi cha daktari," alisema Nereida. "Unacho?"

"Ninacho."

"Mpigie. Mwambie ni kazini. Mwambie tanki, mwambie kostiki, mwambie na siki. Mwambie ni mama yako aliyesema."

Yaritza akafunga bomba. "Na Papi?"

"Papi atakasirika akiwa na macho mawili. Piga. Halafu unifundishe kusema kitu kwa Kiingereza, taratibu, nisije nikakosea."

*

Asubuhi chumba cha kulia kilijaa kuliko siku ya mishahara. Reifsnyder mwenyewe alikuwepo, amekuja na boksi la donati na mtu wa kupiga picha, maana alikuwa ameambiwa kuna mtu anaweza kushinda leo. Alikuwa mzee mwembamba mwenye tabia ya kushukuru kila kitu.

Wilkin akapanda kwenye kiti. "Leo hakuna ajali ya kuripoti," alisema, na watu wakapiga makofi. Walipiga makofi watu waliomshika Ysidro kisogo na mikono. Alipiga makofi yule mwenye dumu. Doña Tatica alipiga makofi akimtazama Nereida kwa huruma, mshumaa wa Bikira ukiwa bado unawaka nyumbani kwake.

Wilkin akatumbukiza mkono, akazungusha, akazungusha zaidi ya ilivyohitajika. Akatoa.

"N thelathini na nane."

Watu walianza kutazamana kadi. Nereida akasimama. Mtu akasema, "Ni yeye, ni Nereida," na minong'ono ikapanda, mingine ya furaha, mingine ya kijicho, na mpiga picha akatayarisha kamera. Alipita katikati ya meza na kadi mkononi. Wilkin alikuwa amenyoosha mkono kuipokea. Alimpita. Akaenda kusimama mbele ya Reifsnyder, karibu sana, mpaka mzee akarudi nyuma nusu hatua na donati yake.

Alisema kile Kiingereza alichokirudia jikoni mpaka ulimi ukachoka. Mume wangu ameungua jicho jana kwenye tanki lako. Hospitali wanajua. Anapelekwa Filadelfia leo, na kiwanda kitalipa.

Alikisema kwa lafudhi mbaya na kila mtu akakielewa.

Reifsnyder alimgeukia msimamizi wake. Wilkin alikuwa bado juu ya kiti, kipira mkononi.

"Komadre amechanganyikiwa," alisema. "Hajalala."

"Ni kweli au si kweli?" aliuliza Reifsnyder.

Wilkin alitazama chumba kizima, akitafuta uso wa kumsaidia. Watu walikuwa wanatazama kadi zao. Alishuka kwenye kiti.

Reifsnyder akapangusa sukari vidoleni. "Kwa nini sikuambiwa jana?" aliuliza, na swali hilo alimwelekezea Nereida. Ikabidi mtu amtafsirie, na aliyemtafsiria aliongeza lake: "Anasema umechelewa kuripoti, ni kosa." Kisha Nereida akaambiwa arudi kwenye kituo chake asubiri mtu wa bima, na kwamba akitoka nje ya kiwanda kabla ya hapo atahesabiwa mtoro. Yaritza ndiye angempeleka baba yake. Daktari alikuwa amesema kwenye simu kwamba watajaribu, na hakuahidi neno jingine.

Kadi zilichanwa. Hakuna aliyeamriwa, walizichana wenyewe, na kwa sababu hakukuwa na pipa la taka karibu, au kwa sababu hawakutaka kulitafuta, walizidondosha miguuni pa Nereida, palepale alipokuwa amesimama. Mwanamke wa kidole kilichovunjika aliichana yake vipande vidogo sana, kwa subira, kwa mkono mmoja na meno.

Mlangoni Wilkin alimkingia njia.

"Usiniite kompadre tena."

"Sijakuita," alisema Nereida.

*

Kwenye meza ya kufungasha wale wasichana wawili waliosimama kulia kwake siku zote walikuwa wamehamia upande wa pili. Mkanda ulikuwa haujawashwa. Nereida alivaa kofia ya nailoni, akapanga mifuko, akapanga tena. Doña Tatica alikuja akasimama mahali pake palepale, akajifunga aproni, akamsogelea.

"Mimi sikununii," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi ni mtu mzima. Ulichosema ni haki yako, mume ni wako."

"Asante, Doña."

"Ila hukutumia akili, mwanangu. Ungeipokea ile televisheni kwanza. Ungepiga picha, ungesaini, ungeipeleka nyumbani. Halafu mchana ndiyo ungesema." Alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli kabisa, machozi yakimlenga. "Kitu kizuri namna ile."

Kutoka upande wa pili wa meza mmoja wa wale wasichana akasema ndiyo, hata yeye ndivyo ambavyo angefanya. Mwingine akasema mtu yeyote angefanya hivyo. Ikawa kama vile mwishowe wamepata jambo la kumsamehe, kwamba hakuwa mbaya, alikuwa mjinga tu, na mmoja wao akarudi kusimama karibu naye.

Mkanda ukashtuka, ukaanza kwenda. Biskuti zikaanza kuja, za moto, za kahawia, zinang'aa kama zilivyokuwa jana na juzi.

Nereida aliokota moja akaigeuza.

"Nani yuko kwenye tanki?"

"Mkwe wangu," alisema Doña Tatica, na uso wake ukachangamka. "Mume wa binti yangu Yokasta. Wamempigia simu asubuhi hii hii. Angalau riziki haijatoka nje ya watu wetu."

"Wamempa miwani?"

Doña Tatica alikuwa ameshaanza kufungasha, mikono inakwenda haraka, macho kwenye mifuko.

"Atapewa," alisema. "Mwache kwanza azoee kazi."